Poka kwa anayeanza sifuri: tulivyojifunza barazani Ngamiani kwa komwe na vizibo vya soda

Wadau, hii nimeiahidi siku nyingi. Kila siku mtu ananiuliza "poka inachezwaje" na kila siku najibu nusunusu afu naondoka, leo naimaliza. Ni ndefu, kwa hiyo chukua kahawa yako na kashata ukae.

Mi ni mtu wa Tanga, baraza letu liko Ngamiani kwenye zile barabara za namba. Baada ya isha watu wanajaa, kuna bao, kuna dhumna, na karata hazikosi. Tumekua na lasti kadi na Albastini, ndo maana siku naanza poka nilijiona nitaijua usiku mmoja tu, karata si ni zilezile? Kumbe kuna kitu kimoja kilinitesa miezi mizima na ndo hicho nataka ukishike toka mwanzo. Michezo yetu ya barazani ukishagawiwa lazima ucheze nazo mpaka mwisho, mbaya nzuri utajua mwenyewe, ila poka inakuruhusu uzilaze karata zako chini, ukae pembeni, unywe kahawa. Na anayeshinda poka kwa muda mrefu mara nyingi ni yule anayezilaza sana. Sasa mtu wa Tanga umwambie akae kimya aangalie wenzie wanacheza, inauma, naelewa.

Pesa. Tuliondoe hili mapema. Michezo ya pesa hapa Tanzania ina sheria yake, Sheria ya Michezo ya Kubahatisha ya 2003, na kuna Bodi ya Michezo ya Kubahatisha inayotoa leseni, na aliye chini ya miaka 18 haruhusiwi. Kukaa barazani mkawekeana noti ni kujitafutia kesi, na kwa sie Waislamu kamari ni haramu, mjadala umefungwa. Sie twachezea komwe, zile kete za bao. Siku ya kwanza babu mwenye bao alisimama juu yetu na fimbo yake.

"Nyie watoto, hiyo si kamari hiyo?"

"Hapana babu, shkamoo. Twachezea komwe."

"Marahaba. Komwe za nani?"

Hapo tukatazamana, maana zilikuwa zake.

VIFAA

Pakiti moja ya karata 52, toa majoka (zile jokeri). Kama unaweza nunua za plastiki, zile za makaratasi kwa joto na unyevu wa Tanga zinavimba wiki moja tu, na zikishaguswa na vidole vya kashata ndo basi. Sie pakiti yetu ya kwanza ree ya shupaza ilipinda kona, ikawa ukiangalia vizuri unajua iko kwa nani, tumecheza wiki nzima hivyohivyo na kuna jamaa (hakusema, ila alijua) alikuwa anashinda tu.

Vya kuchezea: watu wa kasino wanaita chipsi, usitafute mayai. Sie tunatumia komwe kwa thamani ya 1 na kizibo cha soda kwa thamani ya 5. Bao moja lina kete 64, mabao mawili yanakupa 128, hapo mnatosha watu sita. Kila mtu mpe komwe 20 na vizibo 16, jumla ana 100. Vizibo 96 muombe wa kiosk, anavitupa tu kila siku.

Halafu kikombe kimoja kidogo cha kahawa, kipinduliwe. Hicho kinakaa mbele ya mgawaji, kila mkono (yaani mgao mmoja wa karata) ukiisha kinasogea kwa anayefuata kufuata saa inavyozunguka. Usidharau kikombe, nitakirudia.

KARATA NA NINI KINAMLA NINI

Aina nne unazijua: kopa, uru, pau, shupaza. Ree ndo kubwa kuliko zote, afu mfalme, bibi, jeki (wazee wanaita ghulamu), kumi, tisa, mpaka mbili. Sasa sikiliza we mtu wa Albastini: HAKUNA TURUFU. Hakuna aina iliyo juu ya mwenzie, kopa na pau ni sawasawa. Tuligombana sana juu ya hili, kuna fundi baiskeli hapa alikuwa kila mkono anauliza "turufu nini?"

Mkono wa poka ni karata tano. Ukichukua tano kutoka kwenye 52 kuna namna 2,598,960 za kuzipata, na kitu kikiwa adimu zaidi ndo kinamla mwenzie, mpangilio wote umetoka hapo, haukutungwa hewani. Kutoka juu kwenda chini:

Royal flashi, yaani kumi, jeki, bibi, mfalme na ree za aina moja. Ziko 4 tu kwenye hizo milioni mbili na nusu. Sijawahi kuiona kwa macho yangu, usiisubiri.
Streti flashi, tano zinazofuatana za aina moja, mfano 5 6 7 8 9 za pau. Namna 36.
Wanne, mfano nane zote nne. Namna 624.
Ful hausi, tatu za namba moja na mbili za namba nyingine. 3,744.
Flashi, tano zozote za aina moja hata zisipofuatana. 5,108.
Streti, tano zinazofuatana aina mchanganyiko. 10,200. Ree inaweza kukaa juu ya mfalme au chini ya mbili, ila haizunguki, bibi-mfalme-ree-mbili-tatu si kitu.
Watatu, tatu za namba moja. 54,912.
Pea mbili, pea ni karata mbili za namba moja. 123,552.
Pea moja. 1,098,240.
Karata ya juu tu, yaani huna kitu. 1,302,540.

Angalia hizo mbili za mwisho. Nusu ya mikono yote haina hata pea, na ukichanganya na wenye pea moja umemaliza zaidi ya asilimia 90. Kwa hiyo zile flashi na ful hausi unazoziona kwenye muvi, ni muvi. Maisha ya poka ni pea.

Wanaoanza wanapigana zaidi kwenye streti na flashi, ipi kubwa. Flashi ndo kubwa. Andika kwenye kipande cha boksi kaweke katikati ya mkeka, sie tuliandika nyuma ya boksi la majani ya chai na likakaa hapo mwezi mzima hakuna aliyeona aibu.

MKONO UNAVYOKWENDA

Aina za poka ziko nyingi, ninayofundisha hapa ni Texas Hold'em, ndo inayochezwa sana duniani saivi. Kila mtu anapewa karata mbili za siri. Katikati zitafunuliwa tano ambazo ni za wote. We unachagua tano bora kutoka kwenye saba hizo, mbili zako na tano za katikati, unaweza kutumia zako zote mbili, moja, au hata usitumie hata moja.

Wawili walio kushoto kwa kikombe wanaweka kabla hawajaona karata: wa kwanza komwe 1, hiyo blaindi ndogo, wa pili komwe 2, blaindi kubwa. Kazi ya blaindi ni kuhakikisha katikati kuna kitu cha kugombea, la sivyo watu wote wangekaa wakisubiri ree mpaka asubuhi.

Zinachangwa, zinakatwa, zinagawiwa moja moja mpaka kila mtu ana mbili. Anaanza kusema aliye kushoto kwa blaindi kubwa. Una njia tatu: kufoldi (kulaza karata, umetoka), kukoli (kulipa kile kilichowekwa ubaki) au kureizi (kupandisha). Ukireizi lazima upandishe angalau kiasi kilichopandishwa kabla yako, kwa hiyo juu ya blaindi 2 reizi ndogo kabisa inafika 4. Raundi inaisha wote waliobaki wakiwa wameweka sawa.

Hapo mgawaji anatupa karata moja kifudifudi bila kuionyesha, afu anafunua tatu katikati. Hizo tatu zinaitwa flopu. Ile ya kutupwa watu wanaona upuuzi ila ina sababu, kama mgongo wa karata ya juu una alama basi mtu ameshaijua, ikitupwa haimsaidii (kumbuka ree yetu ya shupaza). Raundi nyingine ya kuweka, safari hii anaanza wa kwanza kushoto kwa kikombe aliyebaki, na kama hakuna aliyeweka kitu unaweza kucheki, yaani unagonga mkeka unapita bure. Inatupwa moja tena, inafunuliwa ya nne, hiyo tani. Raundi. Inatupwa, inafunuliwa ya tano, hiyo riva. Raundi ya mwisho, mliobaki mnafunua, mkubwa anachukua mzigo, yaani komwe zote zilizowekwa katikati. Kama wote wamefoldi kakabaki kamtu kamoja, kanachukua mzigo na wala hakalazimiki kuonyesha karata.

Mkiwa wawili tu, mwenye kikombe ndo anaweka blaindi ndogo na anaanza kusema kabla ya flopu, baada ya flopu anakuwa wa mwisho.

Kosa la kila mtu siku ya kwanza ni "pea tatu". Hakuna pea tatu. Karata ni tano, pea mbili kubwa na moja ya pembeni, ile pea ya tatu umeipeleka nyumbani. Na hiyo karata ya pembeni ndo inaamua mkilingana: wote mna pea ya ree, we pembeni una mfalme mwenzio ana tisa, umemla. Mkilingana zote tano mnagawana mzigo, komwe isiyogawanyika anachukua aliye karibu kushoto kwa kikombe.

MKONO MMOJA WA KWELI

Hii ilitokea barazani naikumbuka vizuri kwa sababu tuliibishania mpaka mtu wa kahawa akafunga birika. Tupo sita, kila mtu ana 100. Kikombe kiko kwa mwalimu. Fundi baiskeli blaindi ndogo kaweka 1, dogo mmoja fundi simu blaindi kubwa kaweka 2.

Mi naanza, nina tisa ya pau na nne ya uru, takataka, nalaza. Muuza kahawa analaza. Dada anayekaanga mihogo pale kona ana ree ya shupaza na mfalme wa uru, anapandisha mpaka 6. Mwalimu analaza, fundi analaza anaacha komwe yake. Dogo ana nane na saba za kopa, anaongeza 4. Mzigo sasa 13.

Flopu: ree ya uru, tisa ya kopa, mbili ya kopa. Dada ana pea ya ree. Dogo hana kitu mkononi ila ana kopa nne, akipata moja ana flashi. Dogo anacheki, dada anaweka 8, dogo anakoli. Mzigo 29.

Tani: nne ya shupaza. Haijamsaidia mtu. Dogo anacheki, dada anaweka 20. Dogo anakuna kichwa, anaangalia karata zake mara tatu kama vile zitabadilika, anakoli. Mzigo 69.

Riva: tano ya kopa.

Dogo aliruka akagonga kichwa kwenye boriti ya kibanda. Flashi! Hata hakuficha, akaweka 30, afu bado dada kwa hasira akakoli. Dogo akavuta mzigo wa 129, usiku ule akawa mfalme wa baraza.

Sasa swali la mwongozo: dogo alicheza sawa? Mi nasema hapana, na hapo ndo penye hesabu.

HESABU YA BARAZANI

Usiogope, ni ya darasa la tano. Kopa ziko 13, dogo anaona nne (mbili zake, mbili za flopu), zimebaki 9. Hizo tisa ndo karata zake za kumwokoa. Kanuni ya haraka: zidisha karata za kuokoa kwa 2 upate asilimia ya kuipata kwenye karata moja inayofuata, zidisha kwa 4 kama zimebaki karata mbili na una uhakika utaziona zote. Tisa mara mbili ni 18, hesabu kamili kwenye riva ni 9 kati ya 46, karibu asilimia 20. Tisa mara nne ni 36, kamili ni 35. Iko karibu sana kwa kanuni ya kuhesabia vidole.

Ukisubiri streti iliyo wazi pande mbili (mfano una 6 7 8 9) karata za kuokoa ni 8. Ikiwa na pengo katikati ni 4 tu, hiyo achana nayo.

Halafu linganisha na bei. Kwenye tani dogo alitakiwa alipe 20 agombee mzigo ambao na 20 yake ungekuwa 69. Ishirini kwa 69 ni asilimia 29. Maana yake alihitaji kushinda mara 29 kwenye mia ili isimle, na yeye ana mara 20. Alinunua kitu cha 20 kwa 29. Dada akimfuatisha kwa komwe nyingi baadae anaweza kufidia kidogo, na kweli dada alimfuatisha 30, ila hata hiyo haikutosha: mara moja kwenye tano anavuta 49 zilizokuwa kwenye mzigo na 30 juu, mara nne anapoteza 20. Piga mwenyewe, 79 kwa 80, bado hasara ya komwe moja, na hapo dada kajitoa kwa hasira. Angekuwa mtu mtulivu dogo kaumia zaidi.

Shida ni kwamba alishinda. Bahati ikikufundisha kitu inakufundisha vibaya. Wiki mbili zilizofuata dogo alikuwa anafuata kila penye kopa mbili, na kila usiku yeye ndo wa kwanza kuishiwa, anakaa pale kwenye benchi anachezea simu za watu. Kwa hiyo ukitaka kujua umecheza vizuri usiangalie nani kavuta mzigo, angalia bei uliyolipa.

SASA KULAZA

Narudi kwenye lile la mwanzo. Karata mbili unaweza kuzipata kwa namna 1,326. Pea ya namba yoyote inakuja mara moja kwenye 17 hivi, ree mbili mara moja kwenye 221. Yaani unaweza kukaa jioni tatu usione ree mbili, na hiyo ni kawaida, hujarogwa.

Ukianza cheza hizi tu: kama unasema mapema, pea kuanzia nane kwenda juu, ree na mfalme, ree na bibi, mfalme na bibi za aina moja. Kama unasema mwishoni na hakuna aliyepandisha, ongeza pea ndogo, ree na chochote cha aina yake, na zinazofuatana za aina moja kama jeki-kumi au nane-saba. Zingine laza. Ukicheza mikono miwili kati ya kumi inatosha kabisa. Saba na mbili za aina tofauti ndo mkono mbaya kuliko yote, ukiiona tabasamu uilaze.

Na ukiamua kuingia, ingia kwa kupandisha, mara tatu ya blaindi kubwa iwe desturi yako. Watu wa baraza tunapenda kukoli, "ngoja nione flopu", kukoli kukoli, mnajikuta watu sita kwenye flopu. Ree mbili dhidi ya mtu mmoja mwenye karata zozote zinashinda kama mara 85 kwenye mia, dhidi ya watano zinashinda chini kidogo ya nusu. Umepata ree zako baada ya siku tatu halafu unawakaribisha wote waingie bure, kwa nini?

Ree na mfalme nayo inawadanganya wengi. Ni nzuri sana, ila karata mbili tofauti zinakosa pea kwenye flopu karibu mara mbili kwenye kila tatu. Ikikosa na mtu anakusukuma kwa nguvu, iache. Kuna jamaa hapa akishika ree na mfalme ameshaoa, hatoi talaka hata iweje.

KIKOMBE

Nilisema usikidharau. Aliye na kikombe anasema wa mwisho raundi zote baada ya flopu. Nenda Deep Sea asubuhi kwenye mnada wa samaki uangalie wazoefu, wale hawapigi bei mwanzo, wanasubiri wasikie wengine wamefika ngapi, nani anayumba, nani ana haraka ya kupeleka mzigo sokoni, afu ndo wanatamka. Poka ni hivyohivyo. Ukisema mwisho umeshaona wote, wakicheki unaweza kuweka ukauchukua mzigo, wakiweka nguvu unalaza bila hasara. Ukisema kwanza unatembea gizani. Ndo maana karata zilezile, mfano ree na tisa za kopa, nikiwa mwisho nacheza nikiwa wa kwanza nalaza. Ilinichukua muda sana kukubali hili, nilikuwa naona kama uoga.

MKWARA

Kila mtu anakuja poka kwa ajili ya mkwara, kuweka komwe nyingi huna kitu mwenzio akimbie. Upo, ni halali, na ni mtamu. Lakini una bei pia. Ukiweka nusu ya mzigo, mkwara wako unatakiwa ufanikiwe mara moja kwenye tatu ili usikule. Ukiweka sawa na mzigo, nusu ya mara zote.

Piga mkwara kwa mtu mmoja, sio wanne. Piga wakati hadithi yako inaeleweka: ulipandisha mwanzo, flopu imekuja na ree, umeweka, tani umeweka tena, hapo anaamini una ree. Sio unacheki unacheki afu riva inakuja mbili ya pau unamwaga vizibo vyote, nani atakuamini. Bora zaidi ni mkwara wenye akiba, una kopa nne kama dogo ila WE ndo unaweka badala ya kukoli, akikimbia umechukua, asipokimbia bado una karata tisa za kukuokoa. Dogo angefanya hivyo kwenye flopu ningemtetea.

Na usimpige mkwara mtu asiyelaza. Muuza kahawa wetu akishashika pea yoyote, hata ya tatu, anakwenda nayo mpaka riva, "nataka nione tu mdogo wangu". Kwa mtu huyo subiri uwe na kitu kweli, afu weka, weka tena, atakulipa yote.

OLINI

Ukiweka vyote ulivyonavyo umekwenda olini, huwezi kutolewa tena, ila unagombea kile kinacholingana na chako tu. Mfano we una 30, wenzio wawili wana 100 kila mmoja na wote wameweka vyote. Mzigo mkuu ni 30 mara tatu, 90, huo mnagombea watatu. Zile 70 zao zilizobaki, jumla 140, ni mzigo wa pembeni wa wao wawili. We ukiwa mkubwa unachukua 90, 140 inaenda kwa mkubwa kati yao. Zitenganishe kabisa kwenye mkeka, rundo huku rundo kule, la sivyo mtapigana.

ADABU

Kukonyezana. Albastini mnacheza wawili wawili, na sote tunajua watu wanagusa sikio, wanakohoa, wanauliza "kahawa ina sukari?" kumbe anamwambia mwenzie kitu. Poka huna mwenzio. Ukimkonyeza ndugu yako huo ni wizi, na sie mtu na kaka yake hatuwaweki bega kwa bega.

Sema kwa zamu yako tu. Ukishalaza nyamaza, usiseme "aah ningekuwa na flashi", umeshawapa wenzio habari. Reizi itamke au iweke yote mara moja, sio unaweka tano unamwangalia usoni afu unaongeza kumi. Na ule mtindo wetu wa kupiga karata chini kwa kishindo mpaka vikombe vinaruka, hapa uache, karata inafunuliwa taratibu.

JIONI ZA KWANZA MZIENDESHE HIVI

Jioni ya kwanza chezeni wazi, karata zote zimefunuliwa, bila komwe, mgawe kama mikono ishirini na kila mkono wote mseme nani kashinda na kwa nini. Mtaona aibu, fanyeni. Jioni ya pili komwe ziingie, anayeishiwa anatoka mpaka mchezo uishe na HAKUNA kukopeshana. Hii ya kukopa ndo inaua kabisa, kwa sababu komwe ni bure mtu anacheza kila kitu, mkikataza kukopa ghafla kila mtu anakuwa na heshima na vizibo vyake.

Mkizoea, ongezeni blaindi kila dakika 20: 1 na 2, afu 2 na 4, afu 4 na 8, mkianza saa mbili usiku saa nne mna mshindi na watu wanarudi makwao bila kugombana na wake zao. Mashindano makubwa yanaenda kwa mtindo huohuo. Lile kubwa kuliko yote limeanza 1970 kule Las Vegas, na 2003 jamaa mmoja mhasibu, Chris Moneymaker, aliingia kwa kushinda kishindano cha mtandaoni cha dola 86 akaondoka na dola milioni 2.5. Hadithi hiyo utaisikia sana. Siku hiyo waliingia watu 839, wale 838 hawana hadithi. Na ukipakua programu ya simu ya kufanyia mazoezi chagua ya bure, ikianza tu kukuomba uunganishe na namba ya pesa ifute.

Mwisho wa usiku hesabuni komwe kabla mtu hajanyanyuka, 64 kwenye bao hili, 64 kwenye bao lile. Juzi ilipungua moja, tumeinua mkeka, tumekung'uta kanzu, tumemulika tochi mpaka kwenye mtaro, kumbe babu kaishika mkononi muda wote kakaa kwenye kiti chake anatuangalia.

"Haya," akasema, "kesho na mimi mnigawie."

Kesho yake akalaza mikono kumi na moja mfululizo.